Weji ya 56 haishiki tena: tatizo ni fimbo au ni mimi?

Bogi_Mbili

Wakuu, heshima kwenu. Nimetoka uwanja wa gofu muda si mrefu, viatu nimeviacha barazani vikauke kwa umande, hasira ndizo nimeingia nazo ndani.

Shimo la tatu, saa moja asubuhi haijagonga. Nimebakiwa na yadi 45 hivi. Mpira umekaa vizuri katikati ya feawei, zile nyasi fupi za njiani, upepo hakuna, banka la mchanga mbele yangu hakuna. Nikachomoa 56, yaani weji, fimbo ya mipira ya karibu, yenye uso uliolala digrii 56, nikapiga kile kipigo ambacho mikono inakuambia mapema kuwa kimekubali. Mpira ukapanda juu kuliko kawaida, nikasema moyoni huu umekwenda kulala. Ukatua hatua tatu kabla ya bendera, halafu ukaendelea na safari zake kama sabuni kwenye sakafu ya bafu, ukaimaliza grini yote, yaani zile nyasi laini zenye bendera, ukaenda kujificha kwenye nyasi za nyuma. Nikatoka na bogi mbili, yaani mapigo mawili juu ya kiwango cha shimo. Jina langu humu ndani sikulipata bure.

Ajabu ni kwamba shimo la 14, jua limeshawaka, kipigo kilekile na fimbo ileile, mpira ukaruka mara moja ukatulia.

Kedi wangu, anayenibebea begi la fimbo, ni kijana asiyependa maneno. Pale shimo la tatu aliichukua fimbo, akaifuta kwa taulo, akapitisha ukucha usoni mwake mara mbili, akaniambia, "Bosi, hii imebaki kijiko."

Maelezo kwa wanaotaka kusaidia: nina weji tatu, 52, 56 na 60. Nilizinunua 2018 kwa mhandisi mmoja aliyemaliza mkataba akawa anarudi kwao. Zilikuwa zimeshatumika, "kidogo tu" kwa maneno yake, kama wasemavyo wauza magari wote. Nacheza Lugalo hapa Dar kila Jumamosi, na Jumapili nikiruhusiwa, piga hesabu raundi 45 kwa mwaka. Handikapu yangu 19 (ikiwa ndogo ndiyo mchezaji hodari). Ukiitazama ile 56, ile mistari iliyochongwa usoni, ya pembeni bado inaonekana, lakini katikati pana duara linalong'aa, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, na hapo ukucha unapita bila kukwama popote.

Sasa naomba kujua. Weji inaishi muda gani kabla ya kustaafishwa? Zinastaafu zote tatu pamoja au moja moja? Na kuna kijana mtandaoni anauza kidude cha chuma kama kalamu, anasema unachimba mistari upya ukiwa sebuleni kwako, elfu 25 tu. Nauliza kwa sababu weji mpya ya jina kubwa ni kama dola 180 huko inakotoka, usafiri na ushuru bado, na mama watoto anageuza dola kuwa shilingi haraka kuliko benki.

Nawasilisha.

mbeba_begi

Mkuu Bogi, huyo kedi mnunulie soda, na chapati mbili juu.

Nimebeba mabegi ya watu miaka 11 kabla sijamiliki fimbo hata moja. Sasa nipo Arusha, nafundisha watoto na kubadilisha gripu, ile mipira ya kushikia fimbo, kwa hiyo weji za watu zinapita mikononi mwangu kila wiki. Ukiniuliza weji inaishi miaka mingapi nitakuuliza gari linaishi miaka mingapi. Gari lipi, la daladala au la padri?

Anza na umande, maana umejijibu mwenyewe bila kujua. Mpira unazunguka kurudi nyuma kwa sababu uso wa fimbo umeung'ata. Ile mistari kazi yake kubwa ni kupitisha maji na majimaji ya nyasi, ili chuma kiguse mpira wenyewe. Ni tairi, mkuu. Tairi kipara kwenye lami kavu linakwenda vizuri tu na dereva anajisifu. Mvua ikidondoka ndipo abiria wanaanza kusali. Shimo la 14 ulikuwa kwenye lami kavu, shimo la tatu ulikuwa kwenye mvua.

Na umesema mpira ulipanda juu kuliko kawaida. Hapo nilikuwa nimeshajua kabla sijafika kwa kedi. Uso usiposhika, mpira unapanda kuufuata kama mtu anayepanda ngazi, unatoka juu zaidi na hauzunguki. Wengi wakiuona juu wanashangilia, na mimi nawaacha washangilie mpaka utue.

Kuhusu muda: viwanda vinavyouza weji hutaja raundi 75 hivi, kwamba hapo makali yanaanza kupungua, na ikifika 125 tofauti unaiona kwa macho. Ndiyo, wanauza, lakini katika hili hawajatudanganya sana. Wachezaji wa kulipwa wengine hubadilisha 60 yao mara kadhaa kwa mwaka, ila wao hawanunui, tusijipime nao.

Shida ya kuhesabu raundi ni kwamba inamfaa mtu asiyefanya mazoezi. Wewe hujasema kama unafanya, na hujasema unafanyia wapi. Nyasi hazili weji. Mchanga ndio unaokula. Kila ukipiga bankani kuna tabaka la mchanga kati ya uso na mpira, yaani unasugua chuma kwa msasa kwa nguvu zako zote. Kwa hiyo nauliza: bankani unakwenda mara ngapi?

Zote tatu kwa pamoja, hapana. Inaanza kufa ile unayoipenda kuliko zote, na kwa wengi wetu ni 56. Ile 52 unaipiga kutoka feawei, mchanga haiujui, inaweza kudumu karibu mara mbili. Ile weji ya pitching iliyokuja na seti yako usiiguse, hiyo utaiachia mwanao.

Shangazi_Tii

Kaka Bogi, kabla hujatoa laki tano naomba ufungue mfuko wa begi uniambie unapiga mpira gani.

Maana nawajua nyie. Fimbo ya laki tano, mpira wa kuokota. Mnanunua kwa vijana wanaozamia kwenye bwawa, mitano elfu kumi, kila mmoja na nembo yake, halafu mnalalamika grini ni ngumu. Mpira wa ganda gumu haushikwi na weji hata iwe imetoka kiwandani asubuhi hiyo. Wenye ganda laini, lile la yurethani, ndio weji inaweza kuuma. Shika mpira wako na ule wa mwenzako mwenye handikapu 6, uminye kwa ukucha uone. Handikapu yangu ni 24, siioni haya, lakini hilo nimejifunza baada ya kununua weji mpya ambayo sikuihitaji.

La pili, zioshe. Siyo kuzifuta kwenye suruali. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa mtoto uliochakaa, na kijiti cha meno kwa mistari iliyoziba. Mume wangu alinitangazia weji yake imekufa. Niliitoa udongo mwekundu wa kutosha kupanda mchicha. Ikafufuka kwa misimu miwili.

Mpwani_wa_Nyali

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nijibu la kidude cha sebuleni, kwa sababu nilikinunua, na makovu ninayo.

Kwenye video yule mtu anapitisha mara tatu tu na mstari unang'aa kama mpya. Mimi nilikaa ukumbini baada ya magharibi, taa nzuri, kahawa pembeni, nikaanza. Mistari sita ya kwanza nilijisikia fundi wa vito. Wa saba mkono uliteleza, ncha ikakata mshazari kutoka mstari mmoja hadi wa pili, kama mtu aliyepigwa chale. Nikajaribu kusawazisha kwa kuchimba na pembeni. Unajua mwenyewe kunyoa ndevu upande mmoja ukazidisha, ukahamia wa pili. Nilipomaliza, mistari mingine ilikuwa mipana, mingine myembamba, na ile ngozi ya kromu imebanduka kote nilikopita. Sisi huku upepo wa bahari hauna huruma. Wiki tatu hazikwisha, kutu imejaa mle mle ndani ya mistari.

Halafu kuna sheria. Mstari hauruhusiwi kuzidi milimita 0.9 kwa upana, na kina ni nusu milimita hivi. Fimbo ikichakaa kwa kucheza kwa kawaida hakuna neno, unacheza nayo mpaka iwe kioo. Lakini ukiichimba mwenyewe ikapita kipimo, si halali tena, na ukiibeba kwenye mashindano ujue kuna mwenzako ana macho. Yangu niliitoa kwenye begi kwa hiari, sasa inazuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo.

Na msidanganywe na weji zile zisizopakwa kitu, zinazouzwa ziote kutu. Husema kutu inaongeza mshiko. Mimi ninayo moja, imeota kutu rangi ya hina, mpira unasimama vilevile kama nilipokuwa na ya kromu. Faida yake ni kwamba haikuakisii jua machoni. Napitisha mafuta ya cherehani mara moja kwa mwezi kwenye shingo na mgongoni, uso nauacha mkavu.

Mzee_wa_Zamani

Vijana mnahangaika. Ninazo weji nilizonunua 1996, mistari mipana ya mraba, ukiigusa unaweza kukatia kitunguu. Hadi leo mpira unarudi nyuma. Hazitengenezwi tena hizo.

mbeba_begi

Shikamoo mzee. Hazitengenezwi kwa sababu zilikatazwa. Kuanzia 2010 kanuni mpya ya mistari ilianza, kingo zilitakiwa ziwe na mviringo na ujazo wa mstari ukapunguzwa, kwa sababu wachezaji wakubwa walikuwa wanapiga kutoka rafu, kwenye nyasi ndefu, kama wako feawei. Kwa Jumamosi zetu hakuna wa kukusumbua. Mashindano makubwa kamati inaweza kuitumia hiyo kanuni, kwa hiyo soma karatasi yao kabla hujafungua begi.

Na mzee, hicho kitunguu nitakuja kukiona. Weji ya 1996 iliyochezwa kweli haiwezi kukata hata ndizi mbivu.

Mzee_wa_Zamani

Marahaba. Imechezwa kwa adabu.

Bogi_Mbili

Wakuu nimerudi. Asanteni, na Shangazi, umenichapa hadharani lakini umenichapa pazuri. Nimefungua mfuko: mipira 14, ya nembo tisa tofauti, mmoja umeandikwa jina la benki. Yote ya kuokota.

Mbeba begi uliuliza kuhusu mazoezi, nikaona aibu kujibu haraka. Jumanne na Alhamisi nikitoka kazini napitia uwanjani, naingia kwenye banka ya mazoezi na ndoo ya mipira 50, napiga mpaka giza. Nafanya hivyo miaka yote hii kwa sababu kuna mtu aliniambia banka ndiyo inatenganisha wanaume na wavulana. Nikachukua kikokotoo. Mipira 100 kwa wiki, tuseme wiki 45, ni mipira 4,500 kwa mwaka. Kwenye raundi moja 56 naitumia kama mara tisa. Kwa hiyo kila mwaka bankani naicheza raundi 500 za ziada, juu ya zile 45 nilizowaandikia kwa kujiamini. Mimi ni mhasibu. Nimekaa nikaiangalia hiyo hesabu muda mrefu.

Halafu nikaamua kufanya jaribio, maana hapa kila mtu ana hadithi. Nimeazima 56 ya jamaa yangu, ameinunua mwaka huu, digrii zilezile. Nikapata mipira mitatu ya ganda laini na mitatu kutoka kwenye mfuko wangu wa aibu. Yadi 45, sehemu moja, kedi amesimama kwenye grini anahesabu hatua kutoka mpira unapotua hadi unaposimama. Raundi ya kwanza kila kitu kikavu. Raundi ya pili natumbukiza mpira na uso wa fimbo kwenye ndoo ya maji kabla ya kila kipigo.

Kavu, mpira laini: weji mpya hatua tatu, ya kwangu nne, nne na nusu. Nikacheka. Nikamwambia kedi, unaona? Akanyamaza.

Tukaja kwenye maji. Mpira laini, weji mpya hatua tano. Ya kwangu kumi na moja. Nikarudia nikidhani nimekosea, kumi na mbili. Na kweli kama ulivyosema, uliondoka juu, unapendeza kuutazama, kama umetumwa posta.

Mipira ya kuokota, maji, weji mpya: tisa. Kwa hiyo Shangazi ana haki yake, weji ya bei mbaya iliharibiwa nusu ya kazi na mpira wa benki. Mipira ya kuokota na kijiko changu pamoja: sikuweza kupima, mmoja ulivuka grini, wa pili ulimfuata kedi.

Kitu kingine nilichokiona bila kutafuta. Weji mpya iliupa mpira laini manyoya, ukipitisha kidole unasikia ganda limeparuzwa. Yangu inautoa mpira safi kama yai.

mbeba_begi

Hayo manyoya ndiyo cheti, mkuu. Fimbo yenye makali huwa inalipa kwa kula mpira. Ndiyo maana wenye weji mpya hulia bei ya mipira.

Ushauri wangu sasa ni mwepesi. Nunua 56 moja tu. Hizo 52 na 60 zioshe kwa mswaki wa Shangazi, uzifanyie jaribio hilohilo la ndoo, naamini 52 itapita. Ya zamani usiitupe wala usiiuze kwa mtu ukimwambia "kidogo tu". Iweke iwe ya banka ya mazoezi. Ukipiga mpira wa mchanga vizuri uso haugusi mpira, mchanga ndio unaoubeba, kinachofanya kazi ni tumbo la fimbo. Gene Sarazen, mchezaji wa zamani wa Marekani, alipoongeza chuma tumboni mwa fimbo yake na kushinda nayo mashindano ya wazi ya Uingereza 1932, ujanja ulikuwa huo, fimbo iteleze mchangani badala ya kuzama. Tumbo la 56 yako halijafa. Likague tu kama halina meno ya kugonga mawe.

Ukinunua, usichukue kwa digrii peke yake. Angalia namba ya baunsi, yaani ya tumbo la fimbo, ile ya pili iliyochongwa. Mchanga mwingi laini na mkono unaochimba, chukua 10 kwenda juu. Ardhi ngumu ya kiangazi, namba ikiwa kubwa sana fimbo inadunda na unaupiga mpira kichwani. Uliyozoea ni ngapi?

Bogi_Mbili

Imeandikwa 56.12, kwa tochi na miwani.

mbeba_begi

Baki na 12. Na gripu ya ile ya zamani ilikuwaje? Joto la Dar na jasho, miaka yote hiyo, lazima iwe imekuwa kama bomba la maji. Mikono ikiteleza unabana, ukibana kipigo kinakufa.

Shangazi_Tii

Na mipira?

Bogi_Mbili

Shangazi, nimenunua boksi moja la laini, mipira 12. Nimekubaliana na nafsi yangu kwamba mashimo yenye maji napiga ya kuokota, mengine yote laini.

Weji nimeagiza, anakuja nayo mtu mwezi ujao. Mama watoto nimemwonyesha jedwali la jaribio, kavu na maji, nimeliweka kwenye programu ya mahesabu na rangi juu. Amelisoma lote, akauliza swali moja tu: kama Jumanne na Alhamisi ulikuwa unaiharibu fimbo, kwa nini usingekuwa unarudi nyumbani?

Fimbo ya zamani nimeizungushia utepe mwekundu kwenye shingo nisije nikaichomoa Jumamosi kwa mazoea. Gripu kweli ilikuwa bomba, umejuaje.

Sasa limebaki moja. Jamaa aliyeniazima anaitaka 56 yake kesho kutwa, na yangu haijafika, na Jumamosi tunacheza mimi na yeye. Tii ya kwanza, yaani kuanza kucheza, ni saa kumi na mbili na nusu, umande utakuwa mpaka magotini. Kuna mwenye 56.12 hapa Dar ya kuazimisha siku moja?